DAMU YA MTOTO MCHANGA ISINGOJEE MWISHO WA MWEZI



Twasema daima juu ya mshahara na saa za kazi. Leo twasema juu ya watoto wetu wanaozaliwa hapa Kabiria, na damu yao.

Kila mtoto huzaliwa na akiba ndogo sana ya vitamini K, nayo ndiyo isaidiayo damu kuganda. Kidogo tu hupita kutoka kwa mama mtoto angali tumboni, na maziwa ya mama hayana ya kutosha. Kwa hiyo mwongozo wa Kenya wataka kila mtoto achomwe sindano yake akizaliwa: miligramu 1, au nusu yake akiwa na uzito chini ya kilo 1.5. Sindano hiyo moja hukinga damu isivuje ubongoni. Mama akijifungulia nyumbani, mtoto na apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

Lakini wako watoto ambao sindano haiwatoshi. Mwenye hemofilia, ambaye kwa kawaida ni mvulana, amepungukiwa na kitu kingine katika damu. Kama mjomba wake hutokwa na damu nyingi kwa jeraha dogo, daktari aambiwe kabla ya tohara. Na kitovu kikitoa damu bila kukoma, au mahali pa sindano pakizidi kuvuja, hapana budi damu ipimwe upesi.

Kipimo hicho chataka ustadi. Kichupa kisipojazwa sawasawa, jibu hupotoka. Tena damu ya mtoto mchanga hukawia kidogo kuganda, basi isilinganishwe na ya mtu mzima. Si kila zahanati iwezayo kazi hii. Hapo ndipo mzazi huambiwa ampeleke mtoto Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, naye hana hata nauli mpaka siku ya mshahara.

Sisi twasema mambo mawili. Kwanza, Sheria ya Kazi ya 2007 yampa baba majuma 2 ya likizo kwa mshahara kamili. Ndugu, msimwachie mwajiri siku hizo. Kaeni na mtoto, mwangalieni. Pili, wajumbe wetu wadai kwamba zahanati isiyoweza kupima itoe gari la kumfikisha mtoto panapopimwa, na habari ya malipo izungumzwe baadaye. Mshahara hungojewa, damu inayovuja haingojewi.