Tunawatahini Waundaji wa Programu kwa Kalamu ya Wino

Kila mwisho wa muhula nashiriki katika jambo ambalo sasa naona aibu kulitetea. Naingia katika ukumbi wa mtihani, nagawa karatasi, kisha nawaamuru vijana wanaosomea stashahada ya uundaji wa programu za kompyuta waandike programu kwa kalamu ya wino. Hawana kompyuta mbele yao, wala njia ya kuiendesha programu hiyo waone kama inafanya kazi. Baadaye nakaa mezani na kalamu nyekundu, najifanya mashine: nahesabu mabano, natafuta nukta mkato iliyosahaulika, nakata alama.

Miaka michache iliyopita nilimkata alama binti mmoja namna hiyo hadi akafeli somo. Binti huyohuyo alikuwa ametengeneza programu ya kutunza hesabu za kikoba cha mama yake: hisa za kila mwanachama, mikopo, marejesho na faini za wachelewaji. Wanawake wa kikoba kile waliacha daftari wakaitumia. Nilipomtaka aifafanue, alinionyesha jinsi alivyogundua kwamba rejesho la mwanachama liliingia mara mbili kila mtandao ulipokatika, na jinsi alivyoliondoa tatizo hilo. Nimewafundisha wanafunzi wa shahada ambao wasingeliona. Lakini mtihani wangu haukumuuliza hayo. Ulimtaka ataje sifa tano za lugha ya Java. Akalipa ada ya kurudia somo, na nafasi ya mafunzo kwa vitendo aliyokuwa ameahidiwa ikampita. Saini iliyo chini ya matokeo yale ni yangu.

Hatuwezi kuusingizia mtaala. Mfumo wa tuzo za ufundi unaosimamiwa na NACTVET, ambamo stashahada ni ngazi ya 6, umejengwa juu ya umahiri, yaani kile ambacho mhitimu anaweza kukifanya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeupeleka mkondo wa amali hadi shule za sekondari. Wahenga walikwisha kusema kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nyaraka zetu zinahubiri asali; kumbi zetu za mitihani zinagawa nta.

Kwa nini basi tunaendelea? Kwa sababu karatasi inatufaa sisi wahadhiri. Mtihani wa karatasi husimamiwa na watu wachache, maswali ya mwaka juzi hurudi yakiwa na nguo mpya, na fasili husahihishwa haraka. Kuisoma programu ya mwanafunzi mstari kwa mstari na kumhoji kwa nini aliijenga hivyo ni kazi ya jasho. Matokeo yake tunayajua sote: miradi ya mwisho inanunuliwa steshenari jirani na chuo, jina linabadilishwa kwenye jalada, nasi tunaipa alama.

Sababu ya pili ni dharau. Tumeifanya stashahada kuwa ukumbi wa kusubiria shahada. Muulize mwanafunzi siku ya kwanza atafanya nini akihitimu. Atakujibu kwamba ataunganisha. Simlaumu. Anasoma matangazo ya ajira na kuona nafasi ya Afisa TEHAMA inadai shahada, na anawaona waliomtangulia wakiitwa ofisini kufufua printa iliyogoma.

Nitaambiwa kompyuta hazitoshi na umeme unakatika. Ni kweli, na ndiyo maana sidai watu mia mbili wafanye mtihani wa kompyuta saa moja. Nadai kazi ipimwe muhula mzima. Git, programu isiyolipiwa iliyopo tangu mwaka 2005, hutunza kumbukumbu ya kila badiliko: nani alibadili nini, na lini. Mwanafunzi akiitumia kuanzia wiki ya kwanza, kisha akaitetea kazi yake kwa mdomo, mradi wa steshenari utajianika wenyewe.

Wengine watasema akili mnemba imekwisha kuifuta kazi hii. Hoja hiyo inanisaidia mimi. Kutaja fasili na kuandika vipande vya programu vilivyozoeleka ndiko mashine inakokuweza zaidi. Linalobaki kwa binadamu ni kuisoma kazi iliyoandikwa na mwingine, kuijaribu, kuitilia shaka na kulielewa tatizo la mwenye kikoba. Mtihani wetu unapima la kwanza na kuliacha la pili.

Jambo hili ni la taifa. Mwananchi anayelipia maji kwa kumbukumbu namba anautegemea mfumo wa GePG, ulioanza mwaka 2017 na kujengwa na wataalamu wa ndani. Mwaka 2023 Serikali iliuweka mfumo wa ununuzi wa NeST, nao wa wataalamu wetu, mahali pa TANePS. Mifumo hiyo itahitaji watu wa kuitunza kwa miaka mingi. Ikisimama usiku wa manane, sifa tano za Java hazitaiamsha.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Vyuo viache kupima somo la programu kwa karatasi peke yake. Kila mradi wa mwisho uwe na mtumiaji halisi na historia ya kazi inayokaguliwa. Na ninyi mnaoandika sifa za ajira serikalini, wapeni waombaji kompyuta na hitilafu ya kutatua, na mwenye stashahada aruhusiwe kukaa kwenye kiti hicho.

Nimekwisha kuiomba idara yangu iufute mtihani wa kalamu katika somo langu. Nikikataliwa, nitaieleza hapa sababu nitakayopewa. Wakati huohuo, wanafunzi wangu wana haki ya kuniuliza mlangoni mwa ukumbi kwa nini nawanyang'anya chombo cha kazi siku ileile ninayodai kuipima kazi yao.