Istilahi Tunazo, Maelezo Hatuna

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anaporejea kutoka nyanjani huwa na saa nyingi za ngano, nyimbo na mahojiano, na aghalabu zote huwa zimehifadhiwa katika kipakatalishi kimoja kikuukuu. Kipakatalishi hicho kinapoanza kuchukua dakika tano kuwaka, mwenyewe hushauriwa kununua diski ya SSD. Ushauri huo ni mwema. Ndani ya diski ya zamani mna sahani zinazozunguka, katika vipakatalishi vingi mara 5,400 kwa dakika, na data husomwa na mkono mdogo unaosogea juu yake. SSD haina kitu kinachosogea, na tarakilishi ya miaka kumi huonekana kama iliyofufuka. Ila diski mpya huja tupu. Mara nyingi mfumo endeshi husakinishwa upya, na hapo ndipo suala la lugha linapoingia.

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakijakomaa kuieleza kazi kama hii. Dai hilo halina mashiko. Mfumo endeshi, kusakinisha, kupakua, faili, nywila: maneno haya yapo na yanafahamika. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, huko Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na katika muongo huohuo Microsoft nayo ikaivika Windows XP lugha hii. Tunachokosa ni matini kamili ambayo mtu anaweza kuifuata hatua kwa hatua huku mkono wake ukiwa juu ya kipanya. Wanaistilahi wetu wamebishana kwa muda mrefu kuhusu tarakilishi na kompyuta, kipanya na puku. Mafundi wa Tanzania, kwa upande wao, wamekuwa "wakipiga Windows" bila kumngoja yeyote.

Uzito wa pengo hili hudhihirika katika hatua moja hasa. Flashi ya GB 8 au zaidi yenye mfumo endeshi ikishachomekwa, tarakilishi huuliza mfumo uwekwe wapi. Ikiwa diski zote mbili zimo ndani, huorodheshwa kwa nambari, 0 na 1. Hakuna panaposemwa ni ipi yenye ngano za mwaka mzima. Mwanafunzi aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi anaijua maana ya kila neno lililo kwenye kiwambo. Asichokijua ni kile ambacho neno hilo litatenda likibonyezwa. Kufomati, kwake, ni neno la fundi. Angeambiwa kwa lugha wazi kwamba ni kuifuta diski, angesita.

Maelezo yanayofaa yangemwambia kwanza anakili faili zake zote mahali pengine, kisha aichomoe kabisa diski ya zamani ili isiwepo orodhani. Yangemweleza kwamba baadaye anaweza kuitia diski hiyo katika kasha la nje, aiunganishe kwa waya wa USB, arejeshe rekodi zake na kuzisikiliza, na asiifute kabla ya hapo. Haya si mambo ya anasa. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi wenye vipakatalishi vya zamani wanalazimika kusakinisha mfumo mwingine.

Kozi za tafsiri vyuoni hushughulikia mashairi, hotuba na maandiko ya dini, na ni haki yake. Mwongozo wa kurasa mbili wa kusakinisha mfumo endeshi ungefaa kuwa zoezi mojawapo. Mhadhiri asiutahini kwa kalamu nyekundu pekee. Apewe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aufuate neno kwa neno, mtungaji akiwa kando yake amenyamaza, na diski inayotumiwa isiwe na kitu cha thamani.