Tukagueni Kabla Hatujapaka Rangi
Barua ya wazi kwa Baraza la Taifa la Usalama Barabarani

Waheshimiwa wajumbe,

YAH: UKAGUZI WA MAGARI NA PIKIPIKI ZINAZOUNDWA NA WATU BINAFSI

Nawaandikia nikiwa mpenda pikipiki na mmoja wa watu ambao jioni zao huishia gereji, wakiunda gari ambalo halijawahi kushuka kwenye meli yoyote bandarini. Tupo wa kila namna. Yupo anayefufua Honda CG125 iliyokwisha kutupwa. Yupo aliyeikata Kirikuu ili aijenge upya iwe gari la kuchezea mchangani. Yupo anayeanza na mabomba ya mraba aliyoyanunua Gerezani, akitaka injini ya Vitz ikae nyuma ya kiti cha dereva. Siku hizi wameongezeka na vijana wanaofunga mota za umeme na betri.

Nimeliandikia Baraza, na si taasisi moja, kwa sababu jambo hili halina mwenyewe mmoja. Polisi wa usalama barabarani wanakagua, Mamlaka ya Mapato inasajili, Shirika la Viwango linaweka viwango. Ninyi ndio mnaoweza kuwakalisha wote meza moja. Ombi langu kuu nalo ni moja: wekeni utaratibu wa kutukagua wakati chombo bado ni chuma kitupu, kabla hakijavikwa bodi wala kupakwa rangi.

Niwaeleze kwa nini wakati huo ndio wenye maana. Fundi anapochomelea bomba jembamba huogopa kulitoboa, basi hupunguza moto. Matokeo yake chuma huyeyuka juu juu tu. Mshono unatuna vizuri, unang'aa, lakini chini haujashika. Ni kama ugali uliokaukia kwenye ukingo wa sahani: kwa macho umegandana nayo, ukiusukuma kwa kidole unabanduka wote. Fundi anaupitisha jiwe la grenda ukalainika, anapaka puti, anapiga msasa, kisha rangi mikono miwili. Kuanzia hapo hakuna askari mwenye tochi atakayeujua mshono mbovu na mzuri. Gari litawasha taa, litapiga honi, litaonyesha matairi mapya, litapita. Siku mkono unaoshika gurudumu la mbele ukiachia kwenye shimo, kwenye kona, ndipo ubovu utakapoonekana.

Usukani nao ni hivyohivyo. Tairodi ikiwa ndefu au fupi kuliko inavyotakiwa, au ikikaa juu kidogo ya mahali pake, gurudumu linageuka lenyewe kila linapopanda tuta. Dereva ameshika usukani ukiwa umenyooka, gari linapinda. Kuligundua kosa hili fremu ikiwa wazi ni kazi ndogo: unatoa springi, unapandisha gurudumu kwa jeki taratibu, unatazama kama linabaki limeelekea mbele. Ukishafunga springi na bodi, kipimo hicho kinakuwa kazi ya kubomoa.

Breki ndizo zinazotuponza zaidi, maana mjenzi mgeni hufikiri breki ni breki. Anachukua za mbele kwenye gari moja, za nyuma kwenye jingine, masta silinda kwenye la tatu. Ukikanyaga kwa nguvu uzito wote hukimbilia mbele, magurudumu ya nyuma yanabaki mepesi. Yakifunga ya nyuma kabla ya yale ya mbele, gari linageuka kutazama lilikotoka. Kisha kuna mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu wa hewa. Yakikaa miaka bila kubadilishwa yanachemka mapema, na mtu anayeshuka mteremko wa Kitonga huku amekanyaga breki muda wote atashtuka pedali inazama hadi sakafuni. Haya yote yanahitaji mkaguzi anayejua kuuliza maswali sahihi, na yanahitaji aulize mapema.

Sasa tazameni hali ilivyo. Utaratibu wetu wa usajili umezoea gari lenye nyaraka: limeagizwa kutoka nje au limetoka kiwandani. Wenzangu waliojaribu kusajili walichokiunda wanasimulia hadithi zinazofanana. Ofisi hii inadai cheti cha mtengenezaji, ile inadai karatasi za forodha, nyingine inawarudisha walikotoka. Mtu akichoka anafanya moja kati ya mawili. Ama anafunika kazi yake turubai, ama anaitoa usiku, na wapo wanaoibandika namba ya gari jingine. Hapo ndipo hasara inapovuka uzio wa gereji. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kisheria, lakini hakuna kampuni itakayokatia bima chombo kisicho na kadi. Mama anayevuka barabara akigongwa na gari hilo, hana bima ya kudai hata gharama za matibabu.

Najua kuna atakayesema kwamba kufungua mlango huu ni kukaribisha makopo barabarani. Makopo yapo tayari. Tofauti ni kwamba leo hayajulikani yalipo, hayana namba, na hakuna aliyewahi kuyagonga nyundo. Mjenzi akiambiwa arudie mshono fremu ikiwa wazi, amepoteza siku moja na fimbo chache za kuchomelea. Akiambiwa hivyo baada ya kumaliza bodi, viti na rangi, atatafuta njia ya kukwepa. Ukaguzi wa mapema unamfanya mtu akubali kurekebisha, kwa kuwa kurekebisha bado ni rahisi.

Wala hatuombi jambo ambalo halijawahi kufanyika. Uingereza tangu mwaka 2009 ina mtihani unaolenga gari moja moja, na magari yaliyoundwa nyumbani hupitia humo. Mkaguzi anapima breki, taa, vioo, kelele, usukani, mikanda. Anapima hata kingo za nje za bodi, ambazo hutakiwa kuviringwa kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5 ili zisimkate mtu wa nje. Ukifeli unapewa orodha, unarekebisha, unarudi. Taifa hilo linajua faida ya uvumilivu wa aina hiyo: Colin Chapman, aliyeanzisha kampuni ya Lotus, alianza mwaka 1948 kwa kuijenga upya Austin Seven kuukuu. Na Soichiro Honda, ambaye jina lake limejaa barabarani kwetu, mwaka 1946 alikuwa akifunga injini ndogo za jenereta za jeshi kwenye baiskeli. Hapa kwetu, mwaka 2022 Masoud Kipanya, tuliyemzoea kwa katuni, alionyesha gari la umeme lililoundwa Dar es Salaam. Na kituo cha Nyumbu pale Kibaha kina uzoefu wa miaka mingi wa kuunda magari kwa mikono ya Watanzania. Ujuzi wa kutukagua upo nchini.

Napendekeza hatua nne.

Kwanza, mjenzi ajiandikishe anapoanza, apewe namba itakayogongwa kwenye fremu na daftari la kuandikia kila spea kubwa ilikotoka. Hilo litasaidia pia kuzuia injini za wizi.

Pili, fremu ikaguliwe ikiwa tupu: mishono, vishikizo vya magurudumu, usukani, sehemu za kufungia mikanda. Mkaguzi asaini kwenye daftari na apige picha.

Tatu, chombo kikikamilika kipimwe breki, taa, indiketa, honi, vioo, na njia za mafuta au nyaya za betri.

Nne, kipewe kwa muda namba ya majaribio, yenye rangi yake, ikiwa na masharti: mchana tu, mwendo wenye kikomo, bila abiria wa kulipa. Kikivuka kipindi hicho salama, kipewe kadi na bima kama vyombo vingine.

Kazi hiyo inaweza kugawanywa kati ya polisi, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, na karakana za VETA mikoani. Ada tutalipa wenyewe.

Kwa pikipiki naomba mgawanyo ulio wazi. Kubadilisha rangi, kiti au tangi kusimsumbue mtu. Lakini anayekata fremu, anayerefusha mkono wa gurudumu la nyuma, anayebadilisha shokapu za mbele au mfumo wa breki, huyo akaguliwe. Anayeng'oa saitimira na indiketa kwa ajili ya urembo asimamishwe bila mjadala. Huo si ubunifu.

Helmeti inataka uangalizi wenu wa pekee. Tafiti zilizokusanywa na kuchapishwa mwaka 2008 zilionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Lakini hiyo ni helmeti yenyewe, iliyofungwa mkanda kidevuni. Vikopo vyepesi visivyo na sponji ngumu ndani, vinavyovaliwa ili trafiki asimsimamishe mvaaji, havimlindi mtu. Shirika la Viwango lizipime zinazouzwa madukani, na majina ya zilizofeli yatangazwe.

Mkishaweka utaratibu huo, nasi tuna wajibu wetu, na hapa nasema na wapenda pikipiki na magari wenzangu. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka inakula mita 14 kabla vidole havijabana breki, na kwenye lami kavu utahitaji nyingine kama 14 kusimama. Kwa kilomita 100, kushtuka kunakula mita 28 na kusimama kama 55. Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali umetoka mita 28 hadi 83. Barabara ya Bagamoyo Jumapili asubuhi ina watoto, waenda kanisani na wauza maji. Si uwanja wa mashindano. Kagueni pia matairi ya mtumba mnayojivunia: tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni ndizo wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi hilo hata likiwa na meno yote, mpira wake umeshakauka.

Anayetaka kukimbia apewe pa kukimbilia. Tunaomba, Waheshimiwa, eneo moja la wazi litengwe kwa siku maalumu, pakiwa na trafiki, gari la wagonjwa na vizuizi, ili majaribio ya breki na mwendo yafanyike humo. Klabu za wapanda pikipiki ziko tayari kuandikisha wanachama wake na kumfungia atakayekimbiza barabarani.

Tunaomba suala hili liingizwe kwenye ajenda ya kikao chenu kijacho, na mafundi na wajenzi tualikwe kutoa maoni tukiwa na fremu zetu mkononi. Tukiitwa tutakuja. Gharama ya ukaguzi tutailipa sisi. Gharama ya kutokagua inalipwa na mtembea kwa miguu asiyehusika kabisa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpenda pikipiki na mjenzi wa magari,
Dar es Salaam