Hofu Isitawale Nyumba



Habari za simba mla watu aliyeizunguka boma ya Chienge, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, mwaka 1909, zimesalia hadi leo. Rangi yake ilikuwa hafifu, na yasemekana aliua watu wapatao 90 kabla ya yeye mwenyewe kuuawa. Hebu fikiri usiku wa nyumba zile: mlango umekazwa kwa magogo, mama amewakumbatia watoto, wala hakuna athubutuye kutoka.

Lakini hofu ina jino la pili. Katika nchi nyingi za Afrika, simba wa namna hiyo hudhaniwa kuwa ametumwa na mchawi. Hapo jirani humtazama jirani kwa jicho baya, na kikongwe asiye na kosa huweza kuangamia pasipo kuguswa na simba.

Mkristo asidhani kwamba imani ni kutoona hofu. Mitume, ambao baadhi yao walikuwa wavuvi wazoefu, walitetemeka dhoruba ilipowakuta ziwani, wakamwamsha Bwana. Walikemewa kwa uchache wa imani, lakini waliokolewa.

Basi, mweleze Mungu hofu yako waziwazi. Kisha funga mlango, washa taa, na uwakumbuke walio peke yao. Yule bibi anayenong'onwa kijijini, mwalike alale kwako. Ukifanya hivyo, simba wa moyoni utakuwa umekwisha kumshinda.