Kasi Imepanda, Bei Je?

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Lakini kwa intaneti ya nyumbani, nyasi zimenawiri kiasi. Starlink iliingia Kenya Julai 2023, na Septemba 2024 Safaricom ikaongeza kasi ya Home Fibre: kifurushi cha Sh2,999 kikatoka Mbps 10 hadi 15, cha Sh12,499 kikaruka kutoka 100 hadi 500.

Poa. Ila hebu piga hesabu. Bei ilibaki palepale, na aliyevuna zaidi ni mwenye mfuko mnene. Wewe unayesaka kazi za mtandaoni ukiwa kwenye bedsitter, shida yako si kasi, ni hela. Usilipie Mbps za kujigamba. Lipia unachotumia, na ukiona pengine ni nafuu, hama bila aibu. Kampuni husikia mteja anapoondoka.