'Ingizo Lililotengwa': Maoni Kuhusu Tafsiri ya Istilahi za Ufundi

Mjadala wa istilahi za kiufundi aghalabu huishia kwenye orodha za maneno. Kwa maoni yetu, kosa mara nyingi limo katika muundo wa kirai, na anayelilipia ni fundi.

Tuchukue mfano wa mashine yenye mhimili unaozunguka, tuseme katika kiwanda cha sukari bondeni Kilombero. Kisimbaji kilichofungwa kwenye mhimili hutoa mipigo ya umeme katika njia mbili zilizopishana kwa robo ya duru, ili kidhibiti mwendo kijue kiasi na upande wa mzunguko. Katika vidhibiti vingi mipigo hiyo hupokelewa na saketi isiyogusana na ile ya ndani: mkondo huwasha diodi ndogo, na nuru yake hupokelewa ng'ambo ya pili. Ujumbe huvuka, umeme hauvuki.

Kiingereza hulieleza ingizo hilo kwa kivumishi kimoja, nacho kikitafsiriwa neno kwa neno tunapata 'ingizo lililotengwa'. Lakini katika Kiswahili aliyetengwa ni muumini aliyeondolewa katika ushirika, au mgonjwa asiyefikiwa. Fundi anaweza kudhani kuwa waya wa kurudishia mkondo hauhitajiki. Diodi haitawaka, wala mipigo haitahesabiwa. Au ataziunganisha sifuri za pande zote mbili, na kinga nzima ipotee.

Huenda msomaji akapendekeza 'kuhami'. Neno hilo lina kazi yake tayari: kihami ni kitu kisichopitisha umeme, kama mpira unaovika waya.

Wenyeji wa Ifakara wanaijua dhana hii. Kabla daraja la mto Kilombero halijazinduliwa mwaka 2018, pantoni ilivusha abiria kwenda Ulanga ilhali kingo mbili hazikuunganika. Kilichotengana kilikuwa kingo, si abiria. Vivyo hivyo, kinachotenganishwa hapa ni saketi, si ingizo. Aidha, kiambishi cha kutendana katika 'tenganisha' kinadai pande mbili, jambo ambalo 'tenga' haina. Kwa hiyo tunapendekeza 'ingizo la saketi zilizotenganishwa kwa nuru'. Ni refu, lakini halidanganyi.

Tangu BAKITA iundwe mwaka 1967, usanifishaji umekuwa na chombo chake. Kinachobaki ni sisi wanaisimu kuipeleka istilahi karakanani kabla ya kuipeleka kamusini.