Mimi Sijakosea Tahajia

Mwaka huu nimeambiwa mara tatu nikague tahajia yangu. Mara ya kwanza na mashine. Mara ya pili na mhudumu wa tovuti, ambaye nadhani alikuwa binadamu maana aliweka jina mwishoni. Mara ya tatu na mwandishi mwenzangu, aliyecheka na kusema, "Mzee, mambo ya mtandao yamekuacha." Nimesahihisha miswada ya watu kwa miaka ishirini. Tahajia naijua. Wasiojua ni wao, na nitaeleza.

Rafiki yangu mmoja, mwandishi, alifariki mwezi Machi. Ameacha riwaya ambayo haijachapishwa, na riwaya hiyo ina miisho miwili. Mkewe akanipigia simu: "Shemeji, wewe ndiye uliyekuwa unaandikiana naye. Alitaka mwisho upi?" Nilikumbuka kabisa kwamba aliwahi kuniandikia kuwa mmoja ameuondoa. Upi, sikukumbuka. Nikamwambia shemeji, hiyo kazi ya dakika tano.

Barua zangu ziko kwenye moja ya zile tovuti za zamani, ambazo habari, hali ya hewa, barua pepe na kutafuta vimerundikwa vyote ukurasa mmoja. Nikaandika "ondoa". Kwanza nilikosea kidirisha, nikawa natafuta dunia nzima badala ya barua zangu, nikaulizwa kama nilimaanisha Honda. Haya, hilo kosa langu. Nikahamia kidirisha cha barua. Hakuna kilichopatikana. "Ameondoa"? Hakuna. "Nimeondoa"? Barua moja, ya fundi bomba. "Mwisho" ikaleta mamia: mwisho wa mwezi, mwisho wa wiki, onyo la mwisho kutoka kwa mwenye nyumba.

Nikaomba msaada. Niliandika kwa Kiswahili, nikajibiwa kwa Kiingereza nikague tahajia au nijaribu neno jingine. Nikaandika kwa Kiingereza, nikaambiwa nitumie neno kama lilivyo ndani ya barua. Jamani! Kama ningelikumbuka neno lilivyo, ningekuwa natafuta nini?

Ukiuliza kwa nini mashine haioni, jibu halina uchawi. Mashine haisomi barua moja moja kila unapoiuliza. Hutengeneza faharasa mapema, kama ile ya nyuma ya kitabu, na kila neno huwekwa humo. Kwa Kiingereza neno hubadilika zaidi mkiani, kwa hiyo wataalamu walitunga mbinu ya kukata mikia ili maneno ya ukoo mmoja yakae pamoja. Mbinu ya Martin Porter, inayotumika sana, ilichapishwa 1980. Sasa lete Kiswahili hapo. Andika, nimeandika, alichoniandikia, usipomwandikia, tuliandikiana: sisi tunabadilisha kichwa kwanza, mkia baadaye. Mashine isiyojua hilo inaweka "nimeandika" kwenye N pamoja na "nimelala" na "nimefilisika". "Alichoniandikia" inaenda A. Ukiwa na bahati, tovuti yako inakubali mwanzo wa neno, basi unaandika "nime" na kuletewa kila ulichowahi kufanya tangu ufungue akaunti.

Hapo ndipo wenzetu huinua mabega na kusema lugha yetu ngumu kwa kompyuta. Sikubali hata kidogo. Mtoto wa shule akitaka maana ya "wanapendana" haendi kwenye W. Anafungua kamusi kwenye P, anakuta penda na pendana hapo hapo. Na usiniambie kwamba mtoto ana akili na mashine haina. Arvi Hurskainen na wenzake, Chuo Kikuu cha Helsinki, walianza katikati ya miaka ya 1980 kutengeneza programu ya kuchambua maneno ya Kiswahili hadi kwenye shina, ikaitwa SALAMA. Ufini! Nchi ya theluji imekuwa na kompyuta inayojua kuvua kitenzi chetu viambishi kwa muda mrefu kuliko umri wa makampuni haya ya barua pepe. Ujuzi upo. Kilichokosekana ni mtu wa kuona kwamba sisi tunastahili kupatikana.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba menyu yao ni ya Kiswahili. Wameandika "Tafuta" kwenye kitufe, tukafurahi, tukapiga makofi kwamba lugha imekua. Mimi pia nilifurahi.

Aliyenisaidia hatimaye ni kijana anayechapa kazi za watu karibu na stendi. Hakuniuliza tahajia. Aliniambia nizipakue barua zote, zikawa faili moja kubwa, akalifungua kwa programu ya kawaida ya maandishi na kuandika "ondoa". Programu ile haina faharasa wala majivuno. Inatafuta herufi popote zilipo, hata katikati ya neno. Sekunde chache tu. Ya tatu ilikuwa hii: "Ule wa bandarini nimeshauondoa." Nimeshauondoa! Neno moja, lenye mtu, wakati, uhakika na mwisho wa riwaya ndani yake, na kisanduku changu kilikuwa kimekaa nalo miaka saba kikiapa hakilijui.

Kijana alichukua elfu mbili.

Tunasoma leo barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958, kwa sababu mpokeaji alizitunza na karatasi haikudai nywila. Sisemi turudi kwenye karatasi, mchwa nawafahamu. Ila waandishi wa rika langu tumemimina barua zetu zote, rasimu, ugomvi na maoni ya wahariri, kwenye maghala ambayo hatuwezi kuyapekua kwa lugha tuliyoyajazia. Na maghala yenyewe yana tarehe. GeoCities ilifungwa 2009 na kurasa za watu zikaondoka nayo. Yahoo Groups ilianza kufuta mazungumzo ya miaka mingi Desemba 2019. Google ilitangaza 2023 kwamba akaunti binafsi zisizoguswa kwa miaka miwili zinaweza kufutwa. Halafu chama cha waandishi kikikutana, ajenda ni nani akae meza kuu.

Shemeji ameridhika kuhusu mwisho. Lakini juzi ameniuliza jambo jingine: marehemu alikuwa na kisanduku chake mwenyewe, tovuti ile ile, na humo aliandikiana na mhariri kuhusu sura ya tisa, ambayo kwenye mswada haipo. Nywila hakumwachia mtu. Mlango huo haujaguswa tangu Machi, na masharti yao yanasema akaunti ikikaa kimya mwaka mzima wanaweza kuifuta.

Nimewaandikia tena, kwa Kiswahili, nikaeleza kuhusu kifo, mjane na cheti. Jibu limekuja ndani ya dakika moja. Wamenishauri nijaribu neno jingine.